Flashi kujimaunti yenyewe kwenye Debian yenye i3, fstab achana nayo

Mkuu, umesema umeweka Debian na i3, ukichomeka flashi haitokei popote mpaka uandike sudo mount, na hata ikishafunguka huwezi kuweka kitu ndani maana kila faili linaonekana ni la root (msimamizi mkuu wa mashine), halafu mdau mmoja hapo juu kakushauri uandike mstari wa /dev/sdb1 kwenye fstab (faili lenye orodha ya diski za kumaunti mashine ikiwaka). Huo ushauri usiufuate kwa flashi za kuchomeka na kuchomoa, utakuongezea tatizo jingine juu ya hilo ulilonalo. Mimi nina steshenari, mashine zote za pale ni Linux, wateja wanaingia na flashi za kila aina tangu asubuhi, mwenye CV yake, mwenye kadi za harusi, na wote wana haraka, kwa hiyo hili jambo lazima liende lenyewe.

Kwanza elewa kwamba kerneli (kiini cha Linux) haimaunti flashi yenyewe, yaani haiiunganishi na folda ili uifungue. Ukichomeka inaitambua, inaipa jina kama sdb na partisheni yake sdb1, basi kazi yake imeishia hapo. Anayemaunti ni huduma inaitwa udisks2, na hiyo nayo inasubiri kuambiwa. Kwenye GNOME, KDE au Cinnamon desktopu yenyewe ndiyo inayoiambia, kwenye Xfce ni thunar-volman, lakini i3 ni ya kupanga madirisha tu, haina habari na flashi. Kwa hiyo Debian yako ni nzima kabisa, kuna kipande kimoja tu kinakosekana.

Chomeka flashi uandike lsblk -f uone imepewa jina gani, halafu bila sudo yoyote andika udisksctl mount -b /dev/sdb1 (kama haipo, sudo apt install udisks2). Itakujibu imeiweka chini ya /media kwenye folda la jina lako, ukikutana na Fedora au Arch itakuwa /run/media. Sasa jaribu kuandika faili ndani, itakubali! Sababu ni kwamba FAT32 na exFAT hazina sehemu ya kuandika mwenye faili ni nani, kwa hiyo mwenye faili anawekwa wakati wa kumaunti, ukitumia sudo mount bila kutaja uid anakuwa root, udisks yenyewe inakuweka wewe uliyeomba. Flashi ya ext4 ni tofauti maana umiliki umeandikwa ndani ya flashi yenyewe, hiyo utaifanyia chown (amri ya kubadilisha mwenye faili) mara moja.

Ikishakubali kwa mkono, kilichobaki ni wa kuiamrisha kila unapochomeka, na hapo mimi naweka udiskie, programu ndogo inayoiambia udisks2 imaunti. sudo apt install udiskie, kisha kwenye ~/.config/i3/config ongeza mstari

exec --no-startup-id udiskie -t

Hiyo -t inakuwekea kialama kwenye bar cha kutolea flashi, toka uingie tena, chomeka, imeisha hiyo. Kama ikilalamika Not authorized usikimbilie kuiendesha kwa sudo, hapo ni polkit (inayotoa ruhusa kwenye mashine) inasema haikuoni kama mtu aliyekaa mbele ya mashine, mara nyingi ni kwa sababu umeingia kwa SSH (kutoka mashine nyingine) au sesheni yako haijasajiliwa vizuri, angalia kwa loginctl.

Kuhusu fstab. Lile jina sdb1 linatolewa kwa foleni, leo flashi yako ni sdb1 kesho umetangulia kuchomeka hadidiski ya nje basi hiyo ndiyo sdb1, na mstari wako utakamata kitu kingine kabisa. Halafu mstari usio na nofail (neno la kusema diski isipokuwepo endelea tu), ukiwasha mashine flashi haipo systemd, inayoendesha uwashaji wa mashine, inaisubiri sekunde 90 ikikata tamaa inakutupa kwenye emergency mode (skrini ya dharura ya maandishi tu). Fstab ni ya diski inayokaa hapo hapo, mfano ile ya bakapu, na hata hiyo tumia UUID (kitambulisho cha diski kisichobadilika) badala ya sdb1, weka nofail na x-systemd.automount (imaunti pale tu unapoifungua). Pia utakutana na maelezo ya zamani ya kuandika sheria ya udev (inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) yenye RUN ya mount, yaani iendeshe amri ya mount ukichomeka, usipoteze muda, systemd-udevd siku hizi inaendeshwa kwenye mount namespace yake ya pembeni (eneo lake la kumaunti lililotengwa na lako), itamaunti huko huko na wewe hutaona kitu.

Fomati zisikutishe. exFAT imo kwenye kerneli tangu 5.4 ya 2019, NTFS ina drivu ya ntfs3 tangu 5.15 ya 2021 na ntfs-3g bado ipo. NTFS ikifunguka kwa kusoma tu, mara nyingi imetoka kwenye Windows ambayo haikuzimwa kabisa, irudishe huko izimwe vizuri.

Na hapa naomba unisikilize sana, flashi ikijimaunti kirahisi watu wanasahau kuitoa kwa utaratibu. Linux inapokopi inaweka data kwenye RAM kwanza, unaona asilimia 100 kumbe nusu ya faili bado haijafika kwenye flashi, ukichomoa hapo umeharibu kazi ya mtu. Bonyeza kialama cha udiskie au andika udiskie-umount -a, subiri irudi, ndo uchomoe. Kwangu hakuna anayegusa flashi ya mteja kabla ya hapo, hata foleni ikiwa imefika mlangoni, maana kuna watu tasnifu yao nzima iko kwenye hiyo flashi moja.

Ikigoma tubandikie hapa majibu ya lsblk -f na mistari ya mwisho ya sudo dmesg (ujumbe wa kerneli) mara baada ya kuchomeka. Kama dmesg haionyeshi chochote badilisha pota kwanza, hapo udisks haihusiki.