Je, hakimu anaweza kuikwepa Mahakama ya Rufani?

SWALI: Mwanasheria, shikamoo. Niliachwa baada ya miaka 14 ya ndoa. Sikuwa na mshahara, nililea watoto na kuendesha nyumba. Katika Mahakama ya Mwanzo nilitoa nakala ya kesi ya Bi Hawa Mohamed, lakini hakimu akasema "haifanani na yako", nikaambulia kitanda na kabati. Je, hakimu wa chini anaruhusiwa kuipinga Mahakama ya Rufani?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Kuipinga haruhusiwi, kutofautisha kesi yako na ile anaruhusiwa, na huo ndio mlango anaopitia hakimu asiyependa kufuata.

Kabla ya mwaka 1983, majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika kuhusu kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: wengine walisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, wengine wakakataa. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikakata shauri kwamba ni mchango, na tangu hapo hoja hiyo inazifunga mahakama zote za chini yake. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake, kwa sababu mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia naye akazitapanya. Wengi huitaja kesi hiyo bila kuisoma hadi hapo.

Kwa hiyo chukua hukumu yako uangalie tofauti aliyoiandika hakimu. Kama amesema, kwa ushahidi, kwamba uliharibu mali ya familia, amebaki ndani ya njia ya Mahakama ya Rufani, hata kama matokeo yanakuuma. Lakini kama ameandika kwamba kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, basi amefufua msimamo uliozikwa mwaka 1983 na kuuvika vazi la "haifanani". Hakimu hawezi kuandika waziwazi kwamba Mahakama ya Rufani ilikosea, kwani ni mahakama hiyo pekee inayoweza kuuacha uamuzi wake. Ndiyo maana ukaidi wa namna hii hujificha katika sentensi moja fupi isiyo na maelezo.

Sentensi hiyo, ukiinukuu neno kwa neno, iwe sababu yako ya kwanza ya rufaa. Muda wa rufaa ni mfupi, hivyo nenda masjala wiki hii ukaombe nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, na utunze stakabadhi inayoonyesha tarehe uliyoomba.