Uliza Fundi: Gari linalojua kona ya kushoto tu

SWALI: Fundi gereji, Masasi

Habari za kazi, mafundi. Kwenye televisheni naona magari ya NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, yakizunguka uwanja wa lami wenye umbo la yai, kushoto tu, tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho. Nasikia kila upande wa gari umepangwa tofauti. Hupangwaje?

JIBU: Nzuri, fundi mwenzetu. Umesikia sawa. Kazi huanzia kwenye mizani minne, mmoja chini ya kila tairi. Sakafu iwe imelala sawasawa, upepo na mafuta viwe vya kiasi cha mbioni, na kitini uweke uzito unaolingana na wa dereva. Ukimsahau dereva, namba utakazopata ni za gari jingine.

Tuchukue mfano. Mbele kushoto kilo 350, mbele kulia 310, nyuma kushoto 345, nyuma kulia 295. Jumla 1,300. Kushoto kuna 695, yaani asilimia 53.5. Uzito umewekwa ndani ya kona makusudi, maana gari likishaingia konani mzigo utahamia kulia wenyewe. Sasa jumlisha mbele kulia na nyuma kushoto: 655, asilimia 50.4. Hiyo namba ya mshazari ndiyo ya kuilinda kuliko zote. Ikipanda, gari linakataa kona na pua inaelekea ukutani. Ikishuka, mkia unatoka.

Hubadilishwa kwa skrubu inayokandamiza springi. Kaza ya nyuma kushoto: uzito unaongezeka hapo na mbele kulia, unapungua kwenye pembe mbili zilizobaki, kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Jumla haibadiliki hata kilo moja. Ndiyo sababu gari likisimama kubadilishwa tairi, utamwona fundi akichomeka spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma. Ukiwa gereji, zungusha nusu raundi, tikisa gari springi zikae, kisha pima upya. Anayezungusha raundi tatu kwa pamoja hajui tena alikotoka.

Lipo pia suala la tairi. Kwenye viwanja vidogo, magari mengi ekseli ya nyuma imefungwa, gurudumu la kushoto na la kulia yazunguke pamoja. Basi tairi ya kulia, yenye njia ndefu, hufanywa kubwa kidogo. Hesabu ya kuanzia: upana kati ya tairi za nyuma, mara mzingo wa tairi, gawanya kwa nusu kipenyo cha kona. Upana mita 1.5, mzingo mita 2.1, nusu kipenyo mita 60: unapata tofauti ya mzingo ya milimita 52 hivi. Pima mzingo kwa tepu, upepo ukiwa tayari umejazwa, kwa sababu tairi hukua upepo ukiongezeka. Tofauti ikizidi, gari linavuta kushoto hata kwenye njia iliyonyooka.

Gari la mteja usilifanyie hivi. Kwenye barabara ya kupanda Newala kona ni za pande zote mbili, na tairi zisizolingana zitaipa difu (gia zinazoruhusu magurudumu ya pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti) kazi bila kupumzika.

SWALI: Msomaji, Lindi mjini

Shikamooni. Mbona kwenye magari ya NASCAR tairi ya mbele kulia ndiyo inayopasuka mara kwa mara?

JIBU: Marahaba. Kwenye kona ya kushoto ndiyo inayobeba mzigo mkubwa huku ikiongoza gari. Tena hulazwa, kichwa chake kikiegemea ndani, ili konani ikanyage vizuri. Kwenye njia iliyonyooka basi hukanyagia ukingo wa ndani tu, na ukingo huo unachemka. Kwenye viwanja vya Marekani vya Daytona kona zimeinuliwa digrii 31, Talladega 33: mwinuko huo huzuia gari kuteleza nje, lakini pia huligandamiza chini. Timu ikipunguza upepo kutafuta mshiko, ubavu wa tairi hupinda na kunyooka kila mzunguko hadi nyuzi zinaachana. Hujazwa nitrojeni kavu, kwani hewa yenye unyevu huongeza presha bila kutabirika ikipata joto.

SWALI: Kijana, Mtwara

Shikamooni. Tuna magari kuukuu ya saluni yenye usukani wa kulia na tunataka kuonyesha mzunguko kama wa NASCAR kwenye lami. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wetu. Anzeni na kibali cha polisi na cha mwenye eneo, mkanda wa kweli, helmeti, kizimba cha mabomba ndani ya gari na mitungi ya kuzimia moto. Bila hivyo, msiwashe injini.

Kisha geuzeni mwelekeo: zungukeni kulia. Gari la Marekani lina dereva kushoto, kwa hiyo kwenye kona ya kushoto yuko ndani, mbali na ukuta. Ninyi mkienda kushoto, dereva atakaa upande wa kugongwa, na uzito wake utakuwa mahali pabaya. Kona ya nusu kipenyo cha mita 20 kwenye lami tambarare, gari la saluni la kawaida litaanza kuteleza karibu na kilomita 45 kwa saa. Mwendo huo unatosha kujifunzia.

Kitakachoua injini zenu ni oili. Kona ndefu huisukuma oili upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa, beringi zinakauka. Jazeni hadi alama ya juu, chomeleeni vibao vya kuzuia oili ndani ya sampu, na fungeni geji ya presha inayosomeka. Sindano ikishuka katikati ya kona, ondoeni mguu kwenye mafuta papo hapo.