Kocha Mwenye Haraka na Mrushaji wa Kuanza

SWALI: Ndugu Mchambuzi, shikamoo. Mimi na wenzangu sita hapa Tabata tunaendesha ligi ya besiboli ya kuigiza kwenye kompyuta, kila mmoja na timu yake. Msimu huu nimebadilisha kocha. Mrushaji wangu wa kuanza ninayemtegemea (yule anayeanza mchezo akiwarushia wapigaji mpira), ambaye alama zake za uwezo hazijashuka hata moja, sasa haandikiwi ushindi kama zamani, ilhali wastani wake wa pointi anazofungwa umekuwa mzuri zaidi. Warushaji wa akiba, wanaompokea akitolewa, nao wamechoka kabla msimu haujafika nusu. Je, tabia za kocha zinaweza kufanya yote haya, au programu ina hitilafu?

JIBU: Marahaba. Programu yako ni nzima. Dalili zote tatu ulizozitaja zina chanzo kimoja, nacho ni kwamba kocha wako mpya ana haraka ya kumtoa mrushaji, na tabia hiyo haigusi uwezo wa mrushaji mwenyewe bali huamua atakutana na wapigaji gani na akiwa na nguvu kiasi gani mkononi.

Katika michezo ya aina hii, kila pambano kati ya mrushaji na mpigaji hukokotolewa kwa uwezekano unaotokana na alama za wote wawili, kisha alama za mrushaji hupunguzwa kadiri idadi ya mirusho yake inavyokaribia kikomo cha stamina yake. Tabia ya kocha huingia baada ya hapo, kama kizingiti: programu hupima uchovu, wakimbiaji walioko kwenye besi (vituo vya kukimbilia) na tofauti ya pointi, kisha huuliza kama kocha huyu angevumilia. Kocha mwenye subira humwacha mrushaji hadi anapoanza kupigwa. Mwenye haraka humtoa kwa hofu tu ya kupigwa.

Haraka hiyo ina mantiki. Orodha ya wapigaji ina watu 9, na katika besiboli halisi imeonekana kwa miaka mingi kwamba wapigaji wanaokutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu katika mchezo mmoja humpiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa wameshamzoea na yeye ameshachoka. Mfano unaojulikana sana ni mchezo wa sita wa fainali ya Marekani ya mwaka 2020, ambapo kocha Kevin Cash wa Tampa Bay Rays alimtoa Blake Snell katika iningi ya 6 (iningi ni kipindi cha mchezo, na mchezo una 9) baada ya mirusho 73 tu, timu ikiongoza 1-0, wakati wapigaji wa Los Angeles Dodgers walipokuwa wanaanza mzunguko wa tatu. Dodgers walishinda 3-1. Watu wanabishana hadi leo, kama wanavyobishana mashabiki wa Simba na Yanga kuhusu mshambuliaji aliyetolewa dakika ya 60, lakini nataka utazame jambo lingine: Snell aliacha mkimbiaji mmoja kwenye besi, mkimbiaji huyo akafunga mbele ya mrushaji mwingine, na pointi hiyo ikaandikwa kwa Snell aliyekuwa ameshakaa benchi. Ndiyo kanuni, na programu yako inaifuata.

Kwa hiyo wastani hudanganya pande zote mbili. Akiondoka baada ya iningi 5 akiwa amefungwa pointi 2, wastani wake kwa kila iningi 9 ni 3.60, akibaki iningi ya sita akafungwa moja zaidi, unapanda hadi 4.50, ingawa huenda kubaki kwake kungeisaidia timu kuliko mrushaji wa akiba aliyechoka. Kuhusu ushindi, sheria humtaka mrushaji wa kuanza atimize angalau iningi 5 ndipo aandikiwe, hivyo akitolewa katika iningi ya 5 kukiwa na auti mbili (wapigaji wawili wameshatolewa, na iningi huisha kwa tatu), hata timu ikiongoza kwa pointi sita, ushindi huandikiwa mwingine.

Uchovu wa akiba ni hesabu ya sokoni. Msimu kamili wa Marekani una michezo 162. Warushaji wako wa kuanza wakifanya iningi 6 kila mchezo, akiba hubeba 3, yaani iningi 486 kwa msimu katika michezo ya iningi 9. Wakifanya 5, akiba hubeba 648. Mzigo umeongezeka kwa theluthi, na mabega ni yaleyale.

Tabia nyingine zina uzito mdogo, isipokuwa mbili. Kocha anayependa kumpa mpigaji besi ya bure kwa makusudi humwongezea mrushaji wakimbiaji ambao hakuwataka. Na kocha anayechagua mrushaji aliyepumzika zaidi badala ya kufuata zamu ya watu watano huwapa nafasi nyingi zaidi warushaji wako dhaifu, kwa kuwa ndio wanaotolewa mapema na kupumzika upesi.

Usiniamini kwa maneno matupu. Hifadhi ligi yako, nakili faili, kisha endesha msimu uleule mara kumi kwa subira ya juu na mara kumi kwa subira ya chini, bila kugusa kitu kingine. (Mimi niliwahi kubadili mipangilio mitatu kwa usiku mmoja, nikabaki sijui ni upi ulioniponza.) Msimu mmoja hautoshi, kwa maana mrushaji katika zamu ya watano huanza michezo kama 32 tu, na katika michezo hiyo bahati ina sauti kubwa. Linganisha idadi ya wapigaji aliokutana nao kila mchezo na ushindi wa timu nzima, uache wastani wake pembeni.

Kama programu inaruhusu mpangilio wa mchezaji mmoja mmoja, mpe huyo unayemtegemea subira ya juu kidogo kuliko ya kati, umwekee na kikomo cha mirusho 100. Wawili wa mwisho kwenye zamu waache chini ya kocha mwenye haraka, kwao hakosei.