Ndoa Moja, Tarehe Mbili: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kumbukumbu za Ukoo

Shikamoo mwandishi. Daftari aliloacha marehemu baba mkubwa linasema babu na bibi walioana mwaka 1929, naye akazaliwa mwaka 1930. Kitabu cha ndoa cha parokia kinasema Februari 1934. Mashangazi wamenikasirikia, wanasema nataka kumfanya kaka yao mtoto wa nje ya ndoa. Niandike upi? (Msomaji wa Magu)

Marahaba. Andika yote mawili, kwa kuwa ninavyoona mimi ni matukio mawili ya ndoa ileile. Katika Usukuma wa miaka ile watu waliooana kimila, ng'ombe wakahesabiwa na bibi harusi akapelekwa kwa mumewe, walikuwa mume na mke mbele ya kijiji kizima, na mtoto aliyezaliwa hapo alikuwa mtoto wa ndoa. Wamisionari wa Afrika (shirika la Mapadre Weupe), waliofika Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, walifuata agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba mtu mzima afundishwe kwa miaka 4 kabla ya kubatizwa. Mume na mke walioanza mafundisho baada ya kuoana wangeweza kabisa kubatizwa mwanzoni mwa mwaka 1934 na kufunga ndoa kanisani siku hiyohiyo au wiki hiyohiyo, wakiwa tayari na mtoto anayekimbia uani.

Dhana hii inaweza kupimwa. Mwombe Paroko kwa heshima akufungulie kitabu cha ubatizo, si cha ndoa peke yake. Tangu Pasaka ya mwaka 1908 Kanisa Katoliki limeagiza kwamba ndoa ya mtu iandikwe pia pembeni mwa jina lake katika kitabu alichobatizwa, hivyo tukio moja linaweza kuwa na maandishi mahali pawili. Ukikuta babu na bibi wote wawili walibatizwa wakiwa watu wazima, siku chache kabla ya ndoa, mashangazi zako watakuwa na jibu. Tazama pia neno lililoandikwa kando ya jina la bibi, kwa kuwa vitabu hivyo vya zamani viliandikwa kwa Kilatini: *vidua* maana yake ni mjane, na neno hilo moja likiwapo, kuna ndoa nyingine ya awali ambayo hamjaambiwa.

Kuhusu daftari la baba mkubwa, nimeitazama kwa makini picha uliyonitumia. Watoto wote tisa wameandikwa kwa kalamu ya bik ileile, mwandiko uleule, mistari imenyooka kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Angekuwa anaandika kila mtoto anapozaliwa, wino ungebadilika mahali fulani. Aliandika kwa kikao kimoja, miaka mingi baadaye, kwa kukumbuka yale aliyosimuliwa. Mfuatano wa watoto ninauamini sana. Mwaka 1929 ninauchukua kama "mnamo 1929", na ningeuandika hivyo.

Katika kitabu cha ubatizo cha baba, mama yake ameandikwa "Ng'wana Masanja", lakini sisi tunajua bibi aliitwa Shija. Je, babu alikuwa na mke mwingine? (Msomaji wa Misungwi)

Usimtafute mke mwingine kwanza. Ng'wana Masanja maana yake ni mtoto wa Masanja, yaani karani aliuliza jina na akajibiwa kwa heshima, bila kutaja jina lake mwenyewe. Swali la kuuliza nyumbani ni kama baba yake Shija aliitwa Masanja. Jina la Shija nalo lina ushahidi ndani yake, kwa sababu hupewa anayezaliwa baada ya mapacha. Wazee wakikumbuka Kulwa na Doto waliomtangulia katika kaya ya Masanja, umempata.

Jihadhari pia na tahajia. Kisukuma hakitofautishi l na r kama walivyozoea waandishi wageni, na Wajerumani, waliotawala hapa hadi mwaka 1916, waliandika Muansa wakimaanisha Mwanza na Schirati wakimaanisha Shirati. Soma majina hayo kwa sauti mbele ya mzee. Sikio lake litatambua kile ambacho jicho lako linakiruka.

Kikaratasi cha nikahi ya babu kinasema Mfungo Sita 1345. Familia inasema aliozwa mwaka 1930. (Msomaji wa Kirumba)

Mwaka 1345 wa Hijria ulianza Julai 1926, na Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, uliangukia Septemba mwaka huohuo. Kama karatasi hiyo iliandikwa siku ya nikahi, mbele ya walii (msimamizi wa bibi harusi) na mashahidi, ninaitanguliza mbele ya kumbukumbu ya familia. Chunguza tu kama ni ya asili au ni nakala iliyoandikwa upya, kwa kuwa mwenye kunakili huweza kukosea tarakimu moja.

Baba wadogo wanadai bibi yetu hakuolewa kwa sababu hakuna cheti wala aliyeona ng'ombe. Bibi aliishi na babu tangu mwaka 1948 hadi kifo chake. (Msomaji wa Sengerema)

Barua yako imeniuma, kwa kuwa mwanamke aliyelima shamba lile maisha yake yote hastahili kufutwa namna hiyo. Kukosekana kwa cheti hakuthibitishi lolote kwa mwaka 1948. Sheria ya Ndoa iliyotungwa mwaka 1971 yenyewe inasema kutotimizwa kwa mila ya mahari peke yake hakubatilishi ndoa, na kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana kuwa mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kama kuna ugomvi wa mirathi, mtafute wakili. Mimi nazungumzia historia.

Kwa upande wa historia, waacheni ng'ombe wa bibi kwa sasa, mfuateni ng'ombe wa binti zake. Kwa mila ya Wasukuma, watoto ambao mama yao hakutolewa mahari walikuwa wa ukoo wa mama. Ulizeni basi: shangazi zenu walipoolewa, ng'ombe walifungwa katika zizi la nani? Kama babu ndiye aliyewapokea, na wajomba hawakudai, hiyo ni dalili nzito, ingawa huenda aliwakomboa watoto baadaye kwa kutoa ng'ombe. Ndiyo maana muulizeni mzee wa upande wa wajomba kabla ya wa upande wenu, mkiwa wawili, mmoja akiandika. Na msimtajie ugomvi wa baba wadogo mpaka amalize kusimulia.