Kwa wadogo zangu mlioingia juzi kwenye majopo yanayoandika mihtasari ya masomo ya shule zetu Tanzania

Kila rasimu ninayoletewa siku hizi niipitie, nakuta humo makosa yaleyale tuliyohangaika nayo zamani. Ninyi mmesoma kuliko sisi, mihtasari ya nchi jirani mnayo kwenye simu, na bado mnaandika kana kwamba nchi nzima ina shule ya aina moja, ile mliyosoma ninyi. Nawapenda, na ndiyo maana nasema sasa, nisisubiri mtaala ufike darasani halafu walimu ndio wawaambie kwa ukali zaidi.

Nawaandikia wajumbe wapya wa majopo, ila waratibu wa elimu wa majimbo na dayosisi, ndugu zetu wa taasisi za Kiislamu na walimu wa taaluma wa seminari wasome pia, maana nina neno nao huko mbele.

1. Hesabu vipindi kwanza, maudhui baadaye. Mwaka una siku 194 za masomo kwenye karatasi. Toa mitihani ya ndani, toa upimaji, toa michezo, toa wiki za mvua ambazo mto umejaa na nusu ya darasa haijafika, ndipo ugawe vipindi kwenye kila umahiri mahususi, yaani kila jambo mwanafunzi anatakiwa aweze kulifanya. Mjumbe mpya akiulizwa kwa nini ameweka vipindi ishirini na nne, hujibu kwamba maudhui ni mengi. Mwalimu wa Darasa la Tatu atafanya nini na jibu hilo? Kipindi chake ni dakika arobaini, watoto ni wengi kuliko madawati, na azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha, linakaguliwa na mdhibiti ubora ambaye naye ana fomu yake ya kujaza.

Sasa nenda seminari. Ya Kikatoliki ina misa asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Ya Kiislamu ina swala ya adhuhuri katikati ya siku, na Ijumaa ratiba nzima inajipanga kuzunguka swala. Shule ya Waadventista haitawapa Jumamosi, kwa hiyo ile "ziara ya mafunzo mwishoni mwa wiki" mnayopenda kuiandika haipo kwao. Nimewahi kumsikia mjumbe akiziita saa hizo "muda unaopotea". Mzazi aliyempeleka mwanawe kule alimpeleka kwa ajili ya saa hizo hasa. Zihesabuni kama sehemu ya siku ya shule, halafu mpange vipindi vinavyoenea kwenye muda uliobaki.

2. Kitenzi cha umahiri kiwe kinachoonekana kwa macho; "aelewe" mwachieni malaika anayesoma mioyo.

3. Mdau akinyamaza, msiandike kwamba ameridhia. Hapa nitakaa, kwa sababu kosa hili lilitugharimu, na waliolipa ni watoto.

Jopo moja nililokuwamo lilikuwa linaandaa sehemu ya mila, desturi na maadili kwa madarasa ya juu ya msingi. Nia yetu ilikuwa njema kabisa. Tulitaka mtoto aijue jamii yake: koo, heshima kwa wazee, namna ugomvi wa mipaka ulivyosuluhishwa, namna familia ilivyopokea mvua ya kwanza. Kwenye safu ya shughuli za kujifunza tukaandika kwamba mwanafunzi aigize tambiko la jamii yake. Kwenye safu ya rasilimali tukaweka chungu, unga na kitambaa cheupe. Machoni petu huo ulikuwa utamaduni, na maigizo ni mbinu shirikishi inayosifiwa kwenye kila semina.

Kikafika kikao cha wadau. Mapadre, wachungaji, masheikh, masista wanaosimamia shule, wote walipewa nakala asubuhi ileile mlangoni, kitabu kinene chenye jedwali la safu saba. Tulikuwa na siku moja kupitia masomo yote. Tulipofika ukurasa ule, sheikh mmoja mzee akanyoosha mkono, akauliza kwa upole: "Hili la kuigiza, ni lazima?" Tukamjibu kwamba ni shughuli inayopendekezwa tu. Akasema, "Haya." Ukurasa ukafunuliwa. Padre aliyekaa karibu naye aliinama, akaandika kitu kwenye nakala yake, asiseme neno. Jioni kumbukumbu zetu zikasomeka kwamba wadau wa dini wameshirikishwa na wameridhia.

Mtu mzima wa heshima akisema "haya" mbele ya wageni, hajakubali chochote. Amekupa nafasi ya kumfuata pembeni umuulize vizuri. Sisi sote tumelelewa katika adabu hiyohiyo, tunaijua vizuri tukiwa ugenini au kwenye posa, na siku ile hakuna hata mmoja aliyeinuka wakati wa chai akamfuata yule mzee.

Mtaala ukaingia shuleni. Katika kupita kuona utekelezaji tulifika shule moja ya masista, safi, walimu hodari, na mwalimu wa taaluma sista mwenyewe. Nikaomba daftari la mtoto. Somo la koo limeandikwa vizuri, lina tarehe, limesahihishwa kwa wino mwekundu. Ukifunua ukurasa unaofuata, unakuta umahiri mwingine kabisa. Nikachukua daftari la pili, la tatu, yote vilevile. Sista hakuficha kitu. Alinifungulia azimio la kazi, na kwenye safu ya maoni palikuwa na neno moja: imerukwa. Na hawakuruka tambiko peke yake. Waliruka umahiri mahususi mzima, pamoja na usuluhishi wa migogoro na heshima kwa wazee, kwa sababu tulivifunga vyote kwenye kifungu kimoja na lile igizo.

Baadaye tulikuta jambo hilohilo kwenye shule ya Kiislamu, mkoa mwingine, watu wasiojuana. Ustaadhi wa pale alinieleza kwa sentensi moja: "Kueleza jambo ni elimu, lakini kulitenda ni ibada ya wengine." Na upimaji ulipokuja, maswali yalitoka humohumo kwenye usuluhishi na heshima kwa wazee. Watoto waliolelewa katika heshima usiku na mchana wakakosa maswali ya heshima, kwa sababu hawakufundishwa maneno yaliyokuwa kwenye mtihani.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba dawa ilikuwa rahisi. Sista alisema kama angeulizwa, angependekeza watoto wawahoji babu na bibi zao, waandike walichosikia, wasomeane darasani. Mwanafunzi anafika kwenye umahiri uleule, pengine kwa undani zaidi, na hakuna anayeombwa kushika chungu asichoruhusiwa nyumbani kwao.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Rasimu iwafikie wadau wa dini angalau mwezi mmoja kabla ya kikao. Ipelekeni BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, na taasisi nyingine za Kiislamu zenye shule, na kwa upande wa makanisa ipitisheni CSSC, tume iliyoundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo kwa kazi za elimu na afya. Msiombe "maoni ya jumla", maana mtapewa pongezi za jumla. Wekeni maswali mawili mbele ya kila shughuli ya kujifunza: je, kuna kitu hapa ambacho shule yako haitakifanya? Mngekifanya vipi ili mtoto afikie umahiri huohuo? Na joponi mwiteni mwalimu anayefundisha katika shule hizo, si kiongozi wa dini peke yake. Kiongozi atawaambia imani inasema nini, mwalimu atawaambia Jumatatu saa nne darasani kutatokea nini.

4. Jueni mnakaa na nani mezani. Wajumbe vijana hushangaa kwa nini mzee wa kanisa au wa msikiti anasoma kila mstari kwa wasiwasi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyofungua njia ya shule nyingi za misheni kuingia mikononi mwa serikali. Mwaka mmoja kabla yake, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyokuwa na shule zake, ilipigwa marufuku nchini, na mwaka huohuo wa 1968 BAKWATA ikaundwa. Sababu ya kutaifisha ilikuwa na uzito wake: nchi changa, Elimu ya Kujitegemea imetangazwa 1967, na mtoto hakupaswa kukosa shule kwa sababu ya dini ya wazazi wake. Lakini waliojenga yale madarasa kwa sadaka zao wana kumbukumbu, na wameirithisha. Mkiwapelekea waraka wenye neno "lazima" bila maelezo, kumbukumbu hiyo huamka kabla hawajafika aya ya pili. Waelezeni sababu. Huwa wanaelewa haraka.

5. Sasa ninyi wa upande wa shule za dini. Msidhani nimewasahau.

Ibara ya 19 ya Katiba imeweka kazi ya kueneza dini kuwa huru na hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini umewekwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndiyo maana somo la dini lina nafasi kwenye ratiba huku mafundisho yake yakitoka kwenu. Nafasi hiyo ni kubwa, na wengi wenu mnaichezea. Mnampa kipindi cha dini mwalimu yeyote aliyebaki bila mzigo, hana muhtasari, anasimulia anachokumbuka. Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia yanatahiniwa na Baraza la Mitihani Kidato cha Nne kama somo jingine lolote. Mwanafunzi wa seminari anapopata alama mbovu kwenye dini yake mwenyewe, tuulizane kulikoni.

Halafu kuna huu mtindo mpya: mkuu wa shule anasema maadili tunayo tele kwenye dini, kwa hiyo kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili tukipe Hisabati. Hapana. Somo lile ni la lazima, lina historia ambayo mtoto wenu haipati kwenye ibada, na linamfundisha kukaa na jirani asiyesali naye. Mnapotaka mtaala uwaheshimu, uheshimuni nanyi kwa kuufundisha wote. Kama kuna kifungu kinachowakwaza, andikeni barua, pendekezeni mbadala, wekeni nakala. "Imerukwa" kwenye azimio la kazi haimfikii mtu yeyote anayeweza kubadilisha kitu.

6. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono: kabla ya kuandika orodha ya vifaa, nendeni Ndanda au Peramiho mkaone karakana za Wabenediktini. Watu hawa wamefundisha useremala na uashi miaka mingi, wanajua fundi mmoja anaweza kusimamia wanafunzi wangapi kwenye mashine bila mtu kupoteza kidole. Jambo hilo hamtalipata kwenye rasimu ya nchi nyingine.

7. Mafunzo ya walimu yasiwe ya siku chache ukumbini halafu kwaheri. Tulipohamia mtaala wa umahiri mwaka 2005, walimu wengi waliendelea kuandika notisi ubaoni kama kawaida, kwa sababu walibadilishiwa kitabu bila kuonyeshwa somo lenyewe linavyofundishwa. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ipo, itumieni, na shule binafsi na za dini ziingizwe kwenye orodha tangu mwanzo.

8. Na hili la mwisho ni la haraka kuliko yote. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka ule watamaliza la Sita 2027, na kwao msingi unaishia hapo. Waliokuwa la Nne, wenye mtaala wa zamani, watamaliza la Saba mwaka huohuo. Makundi mawili yanagonga mlango wa Kidato cha Kwanza Januari 2028, na kila kundi limesoma vitu tofauti. Nauliza kila ninapokwenda: jopo lako limeandika nini kuhusu wiki za mwanzo za Kidato cha Kwanza mwaka huo, watoto hao wakiwa wamekaa dawati moja? Wengi hunitazama tu. Wakuu wa seminari wenye vitanda vya darasa moja tu kwa kila kidato, wao wameanza kuuliza watalaza wapi watoto, na waliouliza mapema ni wao. Chukueni mihtasari miwili, ya Darasa la Sita mpya na ya Darasa la Saba ya zamani, muiweke sambamba somo kwa somo, muone nani amekosa nini, kisha mnitumie hiyo orodha. Nitaisoma usiku huohuo.