Na sisi tuna ubaguzi wa rangi?

Ndugu, umeuliza kama Mtanzania mweusi naye anaweza kuwa mbaguzi wa rangi. Anaweza, maana mimi mwenyewe nimejikuta nao. Nilimuuliza muuza duka mwenye asili ya Kihindi, "Kwenu hasa ni wapi?" Akanijibu taratibu, "Tanga. Babu yangu kazikwa huko." Niliona aibu kweli.

Mwaka 1961, kabla hata ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Nyerere alikataa katakata. Alikuwa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi.

Mimi naanzia kwenye ulimi. Nikitaka kusema "Wahindi ndivyo walivyo", najiuliza ni yupi hasa ninayemsema. Mara nyingi sina jina la kutaja.