Skaneri ya tumbo ni safi, wanatafuta nini tena?

Swali (Kadutu, Bukavu): Docta, kijana wangu wa miaka 24 alitolewa korodani ya kushoto. Maabara ikasema ni kansa isiyo seminoma (seminoma ni aina moja ya kansa ya korodani). Skaneri ya tumbo ni safi, lakini daktari anataja upasuaji mwingine, wa matundu madogo. Kwa nini?

Jibu: Mama, skaneri huangalia ukubwa. Tezi ya limfu, yaani kichujio kidogo cha majimaji ya mwili yaitwayo limfu, isiyofika sentimita 1 kwa kawaida huhesabiwa nzima, hata kama chembe za kansa zimeshalala ndani. Kwa kansa ya aina hii, karibu wagonjwa 3 kati ya 10 wanaoambiwa "hatua ya kwanza", yaani kansa haijatoka kwenye korodani, huwa wamekwisha kuipita.

Na wanatafuta tumboni, si kwenye kinena ambako wengi hupapasa. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, korodani zake huanzia karibu na figo, kisha hushuka zikiburuta mishipa yake. Ndiyo maana limfu yake hurudi kule kule juu. Kwa upande wa kushoto, tezi za kwanza kushukiwa ziko kando ya aota, mshipa mkuu wa damu, chini kidogo ya figo.

Kuzifikia kulimaanisha kupasua tumbo toka chini ya kidari hadi chini ya kitovu. Tangu 1992 madaktari wameripoti kuzitoa kwa kamera na vyombo vyembamba: damu kidogo, siku chache kitandani. Ila tundu ni mlango tu. Daktari akichukua tezi mbili tatu ili amalize upesi, jibu la maabara litadanganya kama skaneri. Muulize bila aibu amefanya wangapi, na ataziokoaje neva za kumwaga shahawa. Zikikatwa, manii hayatoki nje, na kijana bado hajaoa, sivyo?

Kisu si lazima. Someni karatasi ya maabara: kansa iliingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu ya korodani? Ikiwa ndiyo, karibu nusu hurudiwa na ugonjwa. Ikiwa hapana, ni kama 15 kati ya 100, na huyo mimi ningemfuatilia tu, mradi aje kweli kila anapoitwa.

Kabla ya yote, arudie vipimo vya damu, AFP na hCG, protini ambazo kansa hii huweza kuzitoa. AFP hupungua nusu kila siku 5 hadi 7. Ikikataa kushuka, hapo ni dawa za kemo, tumbo liwe safi namna gani.